Nilisema Anaumwa Tumbo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, na sasa nimeacha kujaribu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda juu ya vilima, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya hema la zahanati, nimevaa fulana nyeupe niliyoifua jana yake, najiona mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine.

Ngoja nikueleze kwanza mambo yalivyokuwa. Ile ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walitoka Burundi kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa mitumbwi wakifuata ukingo wa ziwa, na wa Kongo wakavuka maji kuja upande wetu. Karibu na ufukwe hapa Kigoma kulikuwa na kituo cha mapokezi, mahema tu, ambapo walikuwa wanaandikwa majina na kusubiri kupelekwa kambini. Wapo waliosubiri siku tatu, wapo waliosubiri miezi. Daktari wa kituo alikuwa mzee wa Mtwara, mtu mpole mwenye miwani, na hakujua hata neno moja la Kirundi. Sisi Waha, Kirundi tunakisikia kama tunavyosikia lugha ya nyumbani. Basi wakatafuta vijana waliomaliza darasa la saba, wenye Kiswahili cha shule na Kiha cha mama. Mimi nilitoka kwetu Mwandiga nikaenda kukaa kwa shangazi Katubuka, nikachukuliwa.

Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Ndoto yangu ilikuwa kusoma habari redioni. Nikiwa napukuchua mahindi nilikuwa nashika gunzi nasoma habari za kutunga, mpaka wenzangu wakaniita Redio, na jina likanifuata hadi kituoni. Hata daktari alikuwa anasema, "Redio, mwite anayefuata."

Asubuhi hiyo aliyefuata alikuwa mwanamke aitwaye Leokadia. Miaka yake thelathini na kitu, mrefu, kitenge amekifunga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Nyuma yake kuna binti yake mdogo, Spesioza, wa miaka kama mitano, ameshika pindo la kitenge. Leokadia hakukaa. Aliniinamia sikioni akaniambia kwa Kirundi, polepole, kwamba kila akilala na mumewe anatoka damu. Kwamba damu inakuja hata katikati ya mwezi wakati si wake. Na kwamba kuna maji yanayomtoka, yana harufu, na anaona haya kukaa karibu na watu.

Daktari alikuwa ameshika kalamu ananisubiri.

Mwanangu, nataka unielewe, ingawa sitaki unionee huruma. Nililelewa kwamba msichana asiyeolewa hataji mambo ya kitandani mbele ya mwanamume wa umri wa baba yake. Kwetu hata kusema kwamba mama ana mimba ulikuwa unazunguka, unasema mama hajisikii vizuri siku hizi. Yule daktari nilikuwa namwita Baba. Nilifungua mdomo, nikatazama miwani yake, nikahisi uso unawaka. Nikasema, "Anaumwa tumbo, Baba. Hapa chini."

Akampima tumbo kwa mikono, akauliza anaharisha, akauliza anatapika. Akaandika kwenye kadi. Leokadia akaondoka na dawa za minyoo.

Ningeishia hapo, ungesema ni utoto. Lakini alirudi. Mara ya pili daktari aliuliza swali lenyewe hasa, nalisikia mpaka leo: "Muulize hedhi zake zinakwenda sawa?" Nami sikumuuliza. Nilijibu mwenyewe, palepale, "Zinakwenda sawa." Mara ya tatu Leokadia alikuwa amekonda, anashika kiuno, nikasema mgongo. Akapewa dawa za maumivu. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu ilipita miezi minne. Na miezi hiyo yote mimi nilikuwa nacheka na wenzangu jikoni, naiga sauti za watangazaji.

Sasa kulikuwa na mkunga aliyekuwa anakuja mara mbili kwa wiki kuwapima wajawazito. Tulimwita Bi Tatu. Mmanyema wa Ujiji, babu zake walivuka kutoka Kongo zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupita ukuta. Alikuwa akipita kati ya mahema, watoto wanajua, mbwa wanajua. Akimkuta mwanamume amesimama mlangoni pa hema la wajawazito anamuuliza, "Na wewe unajifungua lini, baba?" Watu wanacheka, mwanamume anakimbia.

Siku moja Leokadia alianguka kwenye foleni ya maji. Ndoo ikamwagika, na kitenge chake nyuma kikawa chekundu. Wanawake wakasogea pembeni. Hakuna aliyemshika, harufu ile walishaijua, na walishaanza kusema kwamba huyo ana ugonjwa wa wanawake wa barabarani. Bi Tatu ndiye aliyeshuka pale matopeni akamwinua, akampeleka hemani kwake, akashusha pazia. Kisha akaniita.

"Muulize damu hii imeanza lini," akaniambia. "Na nataka jibu lake, usinipe la kwako."

Nilimuuliza. Leokadia akajibu kwamba ilianza tangu kwao, kabla hawajakimbia, wakati maharage ya mwaka uliopita yanachanua. Alidhani ni hofu ya vita. Halafu akadhani ni kutembea milimani na mzigo. Safari hii nilisema yote, kwa sababu aliyekuwa anasikiliza ni mwanamke, na hapo ndipo nilipoanza kujiona nilivyo.

Bi Tatu alinawa mikono, akachukua tochi na vifaa vyake, akamtazama njia ya uzazi. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza alimfunika yule mama hadi mabegani kama mtoto, akamwambia pumzika, akatoka nje na kadi mkononi. Nikamfuata. Pale nje palikuwa na sufuria ya kuchemshia vyombo, moshi unatuingia machoni. Alisoma kadi. Tumbo. Tumbo. Mgongo.

"Nani alikuwa anamsemea?"

"Mimi, Bi Tatu."

"Alikwambia tumbo?"

Nikageuza uso kwenye moshi. Sikuhitaji kusema, alishaniona.

"Redio," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "wewe unataka kusoma habari. Siku ukiletewa karatasi kwamba mtumbwi umezama na watu wamekufa, utawasomea watu kwamba ziwa lilikuwa shwari, kwa sababu kuzama si jambo zuri kutaja?"

Nililia. Hakunibembeleza. Aliniambia mlango wa kizazi wa yule mama umeota kidonda kikubwa, kigumu, na kwamba anakijua kidonda cha aina hiyo kwa macho tu. Ni saratani. Nikamuuliza kama ningesema siku ile ya kwanza angepona. Nilitaka aseme hapana, nilitaka sana. Alisukuma kuni chini ya sufuria.

"Sijui," akasema. "Pengine tayari ilikuwa imechelewa. Pengine haikuwa. Hilo utakaa nalo wewe."

Nimekaa nalo, mwanangu.

Leokadia alipelekwa hospitali kubwa mjini, na Bi Tatu akaniamuru niende naye. Kulikuwa na mazungumzo ya kumpandisha treni hadi Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani, wakawa wanatafuta kibali cha mkimbizi kusafiri. Lakini madaktari walipompima vizuri walikuta ugonjwa umeshaingia kwenye kibofu na mifupa ya nyonga. Wakasema safari ile ya siku mbili itamtesa bure. Wakampa dawa za kutuliza maumivu, wakamrudisha kwa mume na binti yake.

Mumewe aliitwa Mathias. Mtu mnyamavu, mkulima. Alikuja kwa Bi Tatu na kofia mikononi, anaizungusha, anaizungusha. Kituo kizima kilikuwa kinasema mambo. Akaniambia nimuulize mama mkunga swali moja: huu ugonjwa umeletwa na nani.

Bi Tatu alinitazama. "Utasema kila neno nitakalosema. Ukiacha hata moja nitajua." Kisha akamgeukia yule baba, akawa anasema kidogokidogo nami natafsiri. Mwambie walituambia kwenye semina kwamba saratani hii inaanzishwa na kirusi. Mwambie kirusi hicho kinapita kwa kujamiiana, na kimeenea mno, kiasi kwamba watu wengi wenye mume au mke hukipata wakati fulani wa maisha yao. Yeye pengine alishakuwa nacho. Mimi mkunga pengine nilishakuwa nacho. Hakiumi, hakionekani, na miili ya wengi hukifukuza yenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua. Kwa wanawake wachache hakiondoki. Kinakaa kimya kwenye mlango wa kizazi miaka kumi, miaka ishirini, ndipo kinaleta ugonjwa huu. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kusema kilitoka kwa nani na lini. Mwambie mkewe hajafanya ubaya wowote. Amepata bahati mbaya.

Nilisema yote. Kujamiiana nilisema, njia ya uzazi nilisema, mbele ya mwanamume mzima. Ardhi haikupasuka. Nilishangaa jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa mepesi mdomoni, na mama wa watu anakufa kwa uzito niliokuwa nimeyapa mimi.

Mathias alivaa kofia yake. Akaondoka. Kesho yake asubuhi watu walimkuta ziwani amepiga magoti kwenye maji, anafua vitenge vya mkewe vyenye damu. Mwanaume, mbele za watu. Vijana wakamcheka, wakasema Mathias ameolewa, wakamuuliza sabuni anatumia gani. Yeye anafua tu. Alifua kila asubuhi mpaka mwisho, na baada ya wiki mbili waliokuwa wanacheka walikuwa wanampisha kwenye jiwe la kufulia.

Mimi nikawa naenda kumtazama Leokadia kila alasiri nikitoka kazini. Nampelekea uji, namchana Spesioza nywele. Nilikuwa natafuta siku ya kumwambia. Kila siku naona amechoka, nasema kesho. Unaona? Hata hapo nilikuwa naficha tena, jambo lilelile kwa nguo nyingine.

Siku niliyosema, mvua ilikuwa imekatika, mama wa watu amelazwa kwenye mkeka mlangoni apate hewa. Nilipiga magoti nikamwambia. Kwamba siku ile ya kwanza sikumwambia daktari alichosema. Wala ya pili. Wala ya tatu. Kwamba niliona aibu.

Alinitazama. Macho yalikuwa makubwa, sehemu nyingine zote za uso zilishaondoka. Kisha akasema, "Najua, mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu, kwa lugha yao na kwa yetu.

Akaniambia kwao alikuwa anauza mawese sokoni, na wateja wa Kiswahili walikuwepo. Hakujua kukisema, lakini tumbo alilijua. Siku ile hemani alinisikia nikisema tumbo. Alijua kwamba sikusema neno lake. Akasema, na haya ndiyo maneno yaliyonivunja, "Nilisikia, nikashukuru. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana adabu, amenisitiri. Ningeweza kushika mkono wa daktari nikauweka penye maumivu. Sikuweka. Tuliogopa wote wawili."

Tukalia, wote wawili. Spesioza akaja na kitana akaanza kunichana mimi.

Kabla sijaondoka Leokadia alinishika mkono. Hakuwa na nguvu, lakini alinishika. "Huyu wangu akikua," akasema, "umwambie. Usimsitiri." Akafa wiki iliyofuata, mchana, Mathias yuko ziwani. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita atoke majini.

Sikusoma habari redioni, mwanangu. Niliendelea kukalimani miaka mingine sita, na sikubadilisha tena neno la mtu, hata likiwa linanichoma. Mathias na binti walihamishiwa kambini, na baadaye wakarudi kwao. Spesioza nilimwandikia barua alipofikisha umri wa kuelewa, nikamtumia kwa mkono wa mfanyabiashara wa mitumbwi. Nilimwandikia kila kitu, pamoja na kosa langu. Alijibu kwa mistari minne. Hiyo barua ni yangu, sitakusomea.

Miaka ikaenda, nikaolewa, nikazaa. Ukaja wakati muuguzi wa zahanati yetu akatangaza kwamba kuna kipimo cha mlango wa kizazi, cha siki. Ndiyo, siki hii ya kachumbari, imepunguzwa makali. Wanapaka mlango wa kizazi, wanasubiri dakika moja, penye tatizo panageuka peupe. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wenzangu walisema nina ujasiri, kumbe ilikuwa hofu. Na kweli wakakuta doa jeupe. Halikuwa saratani, lilikuwa jambo ambalo lingeachwa miaka lingeweza kuwa saratani. Wakaligandisha kwa baridi siku hiyohiyo, nikarudi nyumbani kwa miguu nikapika maharage. Dakika chache tu. Nilikaa jikoni nikamkumbuka Leokadia, nikashindwa kula.

Kwa hiyo nikikuambia sasa, usinione bibi asiye na haya. Kirusi hicho wauguzi wanakiita HPV. Kina aina nyingi. Nyingine zinaleta vinyama sehemu za siri tu, nyingine ndizo zinazoleta saratani, na wenye vinyama si lazima wapate saratani. Mwanamume naye anakibeba, mara nyingi bila dalili yoyote, na yeye pia kinaweza kumletea saratani ya koo au ya sehemu zake, ingawa si mara nyingi. Kondomu inapunguza hatari, lakini haifuniki kila mahali ngozi inapogusana. Wala usikichanganye na virusi vya ukimwi, ni vitu viwili tofauti, ila mwenye virusi vya ukimwi mwili wake unashindwa kukifukuza hiki upesi, kwa hiyo yeye apimwe mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

Kuna chanjo. Wanapewa wasichana wakiwa bado wadogo, tangu miaka tisa hadi kumi na minne, kabla hawajaanza mambo ya watu wazima, kwa sababu inazuia kirusi kisiingie. Kikishaingia haikitoi. Juzi hapa Mwandiga mama mmoja alimficha bintiye uvunguni siku wauguzi walipokuja shuleni, eti itamfanya tasa. Nilikwenda kwake. Nilimwambia nimeona kinachofanya mwanamke akose kizazi na uhai pamoja, na si sindano. Akanifukuza. Wiki iliyofuata nilirudi. Sasa ananikaribisha chai, na mtoto ameshachanjwa.

Ukiwa mwanamke na umefika miaka thelathini, nenda kapimwe ingawa hujisikii kitu, maana ugonjwa huu ukianza kuuma umeshakwenda mbali. Hata kama ulichanjwa, nenda. Ukitoka damu baada ya tendo, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma kabisa, usiite tumbo. Ukiona mumeo au mkeo ameambiwa ana kirusi hiki, usiulize kimetoka wapi, muulize lini anarudi kliniki, umsindikize. Na ukiwa wewe ndiye umekaa kati ya mgonjwa na daktari, iwe ni mama yako, bibi yako au mgeni usiyemjua, sema alichosema. Aibu yako ikuumize wewe, isimuue yeye.

Na ukipata mtu anayekuinamia sikioni akiwa na jambo zito, usicheke, usikimbie.

Haya, mwanangu. Mungu akupe mdomo usioogopa neno la kweli. Akupe afya ya mwili mpaka ngozi yako ikunjamane. Watoto wako wakuone ukizeeka, wakuzike wao, wewe usimzike hata mmoja.